Tuisheni ya hesabu imegeuka ada ya pili, nifanyeje?

Shangazi, shikamoo. Pole na kazi ya kusoma barua zetu.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Newala. Mume wangu ni mkulima wa korosho na mbaazi, mimi nina cherehani barazani, nashona sare na kurekebisha nguo za watu. Habari ninayokuletea ni ya binti yangu mkubwa. Yuko darasa la sita mwaka huu wa 2026, shule ya serikali. Jina la shule nalihifadhi, maana mji wetu mdogo na walimu ni majirani zetu, tunazikana.

Mtoto huyu si mzito. Kiswahili anakipenda mpaka bibi yake akipata gazeti lililofungia vitu dukani anamwita amsomee. Hesabu ndiyo inayomtesa. Mtihani wa muhula alipata Kiswahili 44, Uraia na Maadili 43, Maarifa ya Jamii 41, Sayansi 38, Kiingereza 35, halafu Hisabati 17. Kila somo ni alama 50. Jumla 218. Baba yake akasema si haba. Mimi ile 17 ilininyima usingizi.

Mwalimu wake wa hesabu anafundisha tuisheni jioni, palepale darasani, kila mtoto 500 kwa siku. Muhula wa kwanza nililipa bila kunung'unika. Unajua kwetu, pesa ya korosho ikishapita kinachofuata ni kujibana mpaka msimu mwingine, kwa hiyo nikamsimamisha kidogo. Wiki haikuisha akaniambia, "Mama, sehemu na desimali mwalimu amefundisha jioni. Asubuhi alituandikia mifano ubaoni tunakili, akatoka." Wenzake wanaolipa wanajibu maswali, yeye anakaa anaangalia. Nikamrudisha kwa mkopo. Sasa mwalimu ananidai na kila nikipita njia ile nainamisha kichwa.

Kaka yangu yuko Dar es Salaam. Watoto wake wanasoma shule za Kiingereza na wana mwalimu wa hesabu anayewafuata nyumbani tangu wakiwa wadogo. Kila akipiga simu ni jambo moja: mpwa wake lazima aende Kilakala au Msalato, zile shule za wasichana wenye vipaji maalumu, ukoo wetu upate daktari. Amemtafutia kijana mmoja hapa mjini, amemaliza chuo, hajapata ajira, mchana anaendesha bodaboda. Anataka 40,000 kwa mwezi, kaka alipe nusu na mimi nusu. Anafundishia chumbani kwake alipopanga, saa moja mpaka saa tatu usiku. Ameniambia kwa kinywa chake kwamba ana uhakika wa kumfikisha mtoto shule ya vipaji maalumu, na kwamba tukichelewa mwaka huu tusimlaumu.

Shuleni nako wametangaza kwamba mwakani darasa la saba watakaa kambi. Unga, maharage, na hela ambayo hawajaitaja.

Mume wangu hataki kusikia. Anasema mwenye akili atafaulu tu, yeye hakusoma tuisheni na maisha yanakwenda. Mama mkwe naye anasema likizo ya Desemba mtoto aingie unyago, ameshakuwa mkubwa. Kila mtu ana ratiba yake juu ya mtoto mmoja! Na mwenyewe anarudi saa kumi na mbili, achukue ndoo akapange foleni ya maji, ale, afungue daftari, alale juu yake. Juzi aliniuliza, "Nisipochaguliwa, mjomba hatanipenda tena?" Sikuwa na jibu.

Kusema kweli, shangazi, mimi mwenyewe Kilakala siijui. Ninachojua ni kwamba sekondari ya kata tunayopangiwa huku iko mbali, na wasichana wanaosoma pale wamepanga vyumba mitaani, wanajipikia, hakuna mtu mzima wa kuwauliza wamelala wapi. Mabinti wawili wa mtaa wetu hawakufika kidato cha nne. Unanielewa.

Nilipe, nisilipe?

Mama wa darasa la sita, Newala

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kuvutwa huku na huku.

Nitaanzia mwisho wa barua yako, pale ulipoandika kama mtu anayeaga mlangoni. Unachokitafuta wewe ni bweni. Kaka yako anatafuta daktari wa ukoo, kijana wa bodaboda anatafuta kodi ya chumba, na nyote watatu mmekubaliana kumtwisha mtoto hesabu. Hofu yako ya sekondari ya kata ni ya kweli, ningekuwa na binti Newala ningekuwa nayo. Lakini ni jambo moja, na 17 ya hesabu ni jambo jingine. Ukiyachanganya utalipa sana na yote mawili yatabaki palepale.

Tuanze na hilo la bweni. Msalato ya Dodoma, Kilakala ya Morogoro na Tabora Wasichana ndizo shule za vipaji maalumu ambazo wazazi wa mabinti huzitaja. Zinachukua wachache wenye alama za juu kabisa kutoka nchi nzima. Wanaopanga ni TAMISEMI kwa kuangalia matokeo ya Baraza la Mitihani. Mwalimu wa tuisheni, awe hodari namna gani, hana mkono pale. Kwa hiyo yule anayekuambia ana uhakika, ama hajui uchaguzi unavyofanyika ama anajua na anataka hela yako. Na chini ya shule hizo kuna za ufundi, kuna bweni za kawaida, halafu za kutwa, ambako watoto wengi wa Tanzania ndiko wanakosoma. Serikali kwa mradi wa SEQUIP, ule wa kuboresha elimu ya sekondari, imelenga pia kila mkoa wa bara uwe na shule ya bweni ya wasichana ya sayansi. Usiishi kana kwamba ni Kilakala au shimoni.

Kuna jambo la mwaka wenu ambalo sidhani umeambiwa. Kwa sera mpya ya elimu iliyozinduliwa Februari 2025, elimu ya msingi inashuka kuwa miaka sita na elimu ya lazima inakuwa miaka kumi, yaani mpaka kidato cha nne. Mpango uliotangazwa ni kwamba mwaka 2027 darasa la saba la mwisho na darasa la sita la mtaala mpya watamaliza pamoja. Binti yako yumo katika darasa hilo la saba. Watoto watakaoingia kidato cha kwanza Januari 2028 watakuwa wa miaka miwili kwa mpigo. Nafasi ya kidato cha kwanza kwa sera hiyo ni haki ya kila mtoto, lakini vitanda vya bweni havitaongezeka maradufu kwa sababu watoto wameongezeka. Mimi nisingeweka tegemeo langu lote kwenye kitanda kimoja Morogoro.

Ningefanya nini? Ningeanza sasa, kabla hata ya mtihani, kwenda kuiona hiyo sekondari ya kata. Muulize mkuu wa shule kama kuna hosteli, nani analala na wasichana, chakula kinapikwa wapi. Baadhi ya sekondari za kata zimejengewa hosteli kwa nguvu za wazazi, na mahali ambapo haipo, wazazi wa mitaa miwili mitatu hukodi nyumba moja wakaweka mama mtu mzima akae na mabinti. Gharama yake gawanya kwa watoto sita au saba, halafu ilinganishe na unachotaka kumpa kijana wa bodaboda. Ulizia pia kama una ndugu anayeishi karibu na shule hiyo au nyingine. Huo ndio mradi wa kumwomba kaka yako mchango. Akiwa na uchungu na mpwa wake kama anavyosema, atauelewa.

Sasa hesabu. Mimi nimefundisha somo hili darasa la sita na la saba mpaka nikastaafu, kwa hiyo hapa nivumilie, nitakaa kidogo.

Mtihani wa kumaliza darasa la saba una masomo sita, kila moja alama 50, jumla 300. Daraja A linaanzia 241, B ni 181 hadi 240, C ni 121 hadi 180, na anayepata C amefaulu. Binti yako na 218 yake ana B ya kutosha, na hiyo ni akiwa bado darasa la sita. Mwenye B hapelekwi kambi ya dharura. Anazo alama 23 za kupanda ili aiguse A. Zitafute. Hesabu ikitoka 17 ikafika 30, umepata 13. Kiingereza kutoka 35 hadi 41, sita. Sayansi kutoka 38 hadi 42, nne. Zimetimia. Umeona kwamba alama kumi kati ya hizo hazihusiani na mwalimu wa hesabu kabisa? Na hizo za Kiingereza zina faida mbili, nitakuambia kwa nini.

Ila kwanza tujue ile 17 imetoka wapi. Mtoto mwenye 44 ya Kiswahili anaelewa anachosoma, kwa hiyo mafumbo ya hesabu hayamshindi kwa lugha. Nina shaka kubwa kwamba amekatikia kwenye kukokotoa, na kwamba alikatikia mapema, darasa la tatu au la nne, akaendelea kusukumwa mbele. Watoto wa aina hiyo nimewaona wengi. Wanajificha vizuri kwa sababu daftari lao ni safi na wananakili bila kosa.

Mpime mwenyewe. Usiniambie uliishia darasa la saba, mtu anayepima kiuno na kukata kitambaa bila kukiharibu anajua sehemu kuliko anavyojidhania. Jumamosi asubuhi, akiwa ameshiba na hana ndoo kichwani, mpe kazi hizi bila saa na bila ukali. Mia sita toa mia mbili themanini na saba: jibu ni 313, na asiyejua kukopa kupitia sifuri utamwona hapo hapo. Saba mara nane, sita mara tisa, akujibu bila kuhesabu vidole. Gawanya 936 kwa 12, jibu 78. Kisha nusu ujumlishe na theluthi. Akikuandikia mbili ya tano, usimkemee, mwambie akueleze amefanyaje. Atakuambia amejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, na hapo utakuwa umeupata mzizi: hajui kwamba lazima asili, yaani namba za chini, zifanane kwanza, maana yake KDS (kigawe kidogo cha shirika) haijamwingia. Jibu sahihi ni tano ya sita. Malizia na swali moja la MAGAZIJUTO, ule mpangilio wa mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa: tatu jumlisha nne mara tano. Akisema 35, ameanza kushoto bila kujali kuzidisha kunatangulia. Jibu ni 23.

Andika alipokosea. Karatasi hiyo ina thamani kuliko rundo la mitihani iliyopita, kwa sababu kumkimbiza mtoto kwenye maswali ya miaka ya nyuma kabla ya kujua alipopotea ni kupaka rangi ukuta wenye mchwa. Maswali mengi ya mtihani ule ni ya kuchagua jibu na kusiliba. Mtoto akifanyishwa ya kutosha anajifunza kunusa jibu. Anafaulu, tunamshangilia, halafu kidato cha kwanza anafundishwa hesabu ileile kwa Kiingereza, KKS (kigawo kikubwa cha shirika) na KDS alizozikariri zimebadilika majina, na hana kitu chini ya miguu. Hii ndiyo sababu niliyosema Kiingereza kina faida mbili. Tazama matokeo ya kidato cha nne: mwaka 2023 na 2024, kwenye hesabu alifaulu kama mtahiniwa mmoja kati ya wanne. Hao watatu waliobaki nao walifaulu darasa la saba, na sidhani kama hawamo waliolipiwa mia tano za jioni.

Kwa hiyo swali lako la nilipe au nisilipe, nakujibu: lipa kwa kitu kimoja tu, mtu wa kurudi nyuma na mtoto mpaka pale alipokatikia. Siku mbili kwa wiki zinatosha. Ikiwa mwalimu, hata awe wa bei rahisi, anakuambia yeye hufuata mtihani na hana muda wa kurudi darasa la nne, mshukuru uondoke.

La kijana wa bodaboda sasa. Mwanangu, hili halina mjadala hata kama kijana ni malaika: binti wa umri ule haendi chumbani kwa mwanaume usiku kufundishwa chochote. Simtuhumu. Namlinda mtoto, na yeye kijana namlinda pia. Akitaka kazi, aje kwako Jumamosi na Jumapili asubuhi, afundishie barazani cherehani ikilia pembeni. Tafuta wazazi wengine wawili wenye watoto waliokwama mahali palepale. Hizo 40,000 zikigawanywa kwa nyumba tatu kila mmoja anatoa kama 13,000, na kaka yako akitoa nusu yako, wewe unabaki na kitu usichohitaji kukopa. Mpe ile karatasi ya makosa siku ya kwanza. Baada ya miezi miwili mpime mtoto tena kwa maswali ya namna ileile. Kama bado anajumlisha asili kwa asili, badilisha mwalimu. Akikataa masharti haya, basi alikuwa anatafuta kingine.

Mwalimu wa shule. Hapa wazazi wengi wanataka nimtukane, na wengine, ambao ni walimu, wanataka nimtetee. Nimesimama mbele ya darasa la watoto wasiohesabika kwa jicho, najua kipindi cha dakika 40 kinavyokwisha hujasahihisha hata safu ya mbele. Mwalimu anayebaki jioni na waliochelewa kuelewa, mzazi akampa chochote kwa hiari, simwoni mkosaji. Huyu wako, kama mtoto amesema kweli, amefanya jambo jingine: ameitoa mada ya silabasi kwenye kipindi akaiuza jioni. Shule za msingi za serikali hazina ada, na michango ya kumlazimisha mtoto hairuhusiwi. Kipindi cha asubuhi kimeshalipiwa na kodi, ikiwamo inayokatwa kwenye korosho za mume wako.

Nenda kwake kwanza, na daftari mkononi. Usimwambie "unauza masomo." Mwambie, "Mwalimu, naona sehemu na desimali hazimo kwenye daftari la asubuhi, zitafundishwa lini?" Deni lako mlipe, yaishe, usije ukaongea naye ukiwa umeinama. Asipobadilika, mwone mwalimu mkuu, na usiende peke yako, nenda na wazazi watatu au wanne ili mtoto wako asiwe ndiye anayetazamwa kesho yake. Zaidi ya hapo kuna kamati ya shule, ambamo wazazi mna viti vyenu, na kuna Afisa Elimu Kata. Kambi ya mwakani nayo iulizie kwenye kamati hiyo hiyo: nani ameiidhinisha, ni ya hiari au ya lazima, wasichana watalala wapi na chini ya nani. Mkitajiwa kiasi, ombeni mchanganuo.

Najua kuna wanaosema tuisheni ipigwe marufuku moja kwa moja, tuachane na maneno. Majirani zetu Kenya waliandika kwenye sheria yao ya elimu ya msingi ya 2013 kwamba masomo ya likizo ya kulipia ni kosa, na kila likizo ubishi ni uleule. Korea Kusini waliipiga marufuku tuisheni binafsi mwaka 1980, ikajificha majumbani, na mwaka 2000 mahakama yao ya katiba ikasema katazo hilo linavunja haki. Huko New York kuna shule nane za sekondari zinazochukua watoto kwa mtihani mmoja tu wa lugha na hesabu, na wazazi wenye uwezo huwaandaa watoto kwa kulipia masomo miaka kabla, wasio nacho wakalalamika kwamba mashindano yameanza wao wakiwa bado wanafunga viatu. Palipo na viti vichache na mtihani mmoja, tuisheni itaota tu. Hata hivyo sikubaliani na wanaosema basi ni haki ya mzazi, kila mtu avute kwake. Kwenye darasa la binti yako kuna watoto ambao mia tano kwa siku ni sabuni ya nyumba nzima. Hao hawana mjomba Dar es Salaam, na ndio wanaoachiwa mifano ya kunakili.

Baba yake ana ukweli nusu. Enzi zake hakusoma tuisheni, lakini enzi zake mada haikufichwa mpaka jioni. Usibishane naye, mpe kazi. Anazo nyumbani stakabadhi za AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Msimu huu mnada ukifika akae na binti yake wazipige pamoja. Kwa mfano tu: kilo 240 kwa bei ya 3,100 ni 744,000. Makato yakiwa 250 kwa kila kilo, yanaondoka 60,000, mkononi 684,000. Halafu amuulize, makato hayo ni asilimia ngapi? Inatoka nane na punje kidogo. Kuzidisha, kutoa, asilimia, vyote vimo kwenye karatasi moja, na baba atagundua kama mtoto anaelewa au anabahatisha. Huenda akagundua na jambo jingine kwenye makato yenyewe, lakini hilo si la safu hii.

Usingizi nao. Mtoto wa umri huo anahitaji saa tisa na zaidi. Anayelala juu ya daftari hasomi, anateseka tu. Foleni ya maji ya Newala siwezi kuiondoa kwa barua, lakini siku mbili za masomo ndoo ichukuliwe na mtu mwingine, hata baba.

Unyago ni wa familia yenu, sitawapangia. Kama mtaamua uwe, basi uwe ndani ya likizo, uishe kabla shule haijafunguliwa, na uwaambie masomo ya siku mbili yatasimama kwa muda huo. Usimpe mtoto vyote viwili kwa wakati mmoja. Kama mnaweza kungoja mpaka amalize darasa la saba, ningengoja.

Kuhusu mjomba, mpigie wewe. Mwambie maneno aliyoyasema mtoto, kama alivyoyasema, bila kuongeza. Kisha mwombe azungumze na mpwa wake kwa simu, na katika mazungumzo hayo asitaje shule yoyote wala hesabu. Amuulize anasoma nini siku hizi kwenye yale magazeti ya bibi.

Ukishampima Jumamosi, niandikie tena. Usiniletee alama alizopata. Niletee majibu yake jinsi alivyoyaandika, yenye makosa ndiyo ninayoyataka zaidi, na maneno aliyokueleza kwenye lile la nusu na theluthi. Hapo nitaweza kukuambia mwalimu wa Jumamosi aanzie ukurasa gani.

Shangazi